Filamu za Vita na Deni la Waliopigana

Filamu ya vita ni ile ambayo vita ndivyo vinavyosukuma kisa chote: wahusika wake wanakwenda vitani, wako vitani, au wametoka vitani. Kundi hili la mwisho lina filamu chache, nalo ndilo linalomgusa zaidi askari aliye hai. Mapigano huisha baada ya miezi au miaka, lakini aliyepigana huendelea kuishi na kovu, ndoto mbaya na foleni ya pensheni kwa nusu karne. Watu wanaposema kwamba filamu za vita huwaenzi wapiganaji, kwa kawaida wanafikiria moshi na mizinga. Heshima iliyomfaa mpiganaji, tena ile inayohesabika, imetoka zaidi kwenye filamu zinazoanza pale bunduki zinaponyamaza.

Mfano ulio karibu na mtazamaji wa Afrika Mashariki ni Rambo. Katika vibanda umiza vya Tanzania na maonyesho ya video ya Kenya, jina hilo lilimaanisha misuli, bunduki ya mkanda na uhakika kwamba steringi hafi. Ila filamu ya kwanza ya mfululizo huo, First Blood ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ted Kotcheff, inaonyesha mtu mmoja tu akifa. John Rambo amerudi kutoka Vietnam na anatembea kwa miguu kumtafuta mwenzake wa kikosi. Anapofika kwao anaambiwa kwamba mwenzake amekwisha kufa kwa saratani, iliyotokana na dawa ya kuua majani ambayo jeshi la Marekani lenyewe liliimwaga juu ya misitu. Akiwa bado na habari hiyo kichwani, anakutana na mkuu wa polisi wa mji mdogo uitwao Hope, ambaye hataki kumwona mjini mwake mtu mwenye nywele ndefu na koti la jeshi. Varangati lote la filamu linatokana na hapo. Mwishoni Rambo analia mbele ya kanali wake wa zamani: vitani alikabidhiwa zana za mamilioni ya dola, nyumbani hapewi hata kazi ya kuegesha magari ya watu.

Katika riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, ambayo filamu hiyo ilitokana nayo, Rambo anakufa. Kwenye sinema aliachwa hai, na filamu zilizofuata zikamgeuza mashine ya kuua. Kibiashara ulikuwa uamuzi mzuri. Lile lalamiko la veterani asiye na kazi likafukiwa chini ya maganda ya risasi, na vibandani hakuna aliyelikumbuka tena.

Jeshi na studio

Filamu ya vita ni ghali kwa sababu iliyo wazi: vifaru, manowari na ndege za kivita havikodishwi mtaani. Kwa hiyo tangu mwanzo studio zimebisha hodi jeshini. Wings, filamu ya kimya ya mwaka 1927 iliyopata Oscar ya kwanza ya filamu bora, ilipigwa karibu na San Antonio, Texas, kwa ndege na maelfu ya askari walioazimwa na jeshi la Marekani. Mwongozaji wake, William Wellman, alikuwa mwenyewe rubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na hiyo ndiyo sababu mapambano yake ya angani bado yanatazamika.

Utaratibu huo ukageuka kuwa kazi ya kiofisi. Mtayarishaji hupeleka mswada Pentagon, maofisa wanausoma na kuomba mabadiliko, na yakikubaliwa vifaa vinatoka kwa gharama nafuu. Top Gun ya mwaka 1986 ilipata ndege na meli ya kubebea ndege. Platoon ya mwaka huohuo ilikataliwa, ingawa mwongozaji wake, Oliver Stone, alikuwa amepigana Vietnam na kujeruhiwa huko. Akaenda kuipiga Ufilipino. Francis Ford Coppola alikuwa amefanya hivyohivyo kwa Apocalypse Now ya mwaka 1979, akitumia helikopta za jeshi la Ufilipino ambazo mara kwa mara ziliondolewa katikati ya kazi ili zikapambane na waasi wa kweli.

Matokeo yake ni kwamba jeshi hufadhili sura moja ya askari: kijana, hodari, anayeamini amri. Askari anayeuliza kwa nini alitumwa, au aliyerudi bila miguu akakuta hospitali imejaa, inabidi atafutiwe helikopta kwingine. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Desemba 1930, All Quiet on the Western Front ilipoonyeshwa Berlin, wafuasi wa chama cha Nazi wakiongozwa na Joseph Goebbels waliachia panya weupe na mabomu ya uvundo ndani ya ukumbi. Siku chache baadaye filamu ikapigwa marufuku. Kosa lake lilikuwa kuwaonyesha askari wa Kijerumani wakifa bila faida.

Veterani mbele ya kamera

Wapiganaji wenyewe wamefanya kazi kwenye filamu hizi kama washauri, waandishi na waigizaji. Audie Murphy, aliyevikwa medali nyingi kuliko karibu askari yeyote wa Marekani wa Vita vya Pili, aliigiza kama yeye mwenyewe katika To Hell and Back ya mwaka 1955. Medali yake kubwa kuliko zote aliipata Januari 1945 huko Holtzwihr, katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa, na tutarudi Alsace baada ya muda mfupi. Watazamaji waliona ushujaa; hawakuona kwamba mtu huyo alilala na bastola iliyojazwa risasi chini ya mto.

Mfano mzito zaidi ni Harold Russell. Tarehe 6 Juni 1944, siku ileile wenzake walipokuwa wakiteremka ufukweni Normandy, Russell alikuwa mkufunzi katika kambi ya North Carolina. Baruti yenye kasoro ikamlipukia, akapoteza viganja vyote viwili. Mwongozaji William Wyler alimwona katika filamu fupi ya jeshi kuhusu majeruhi, akampa nafasi katika The Best Years of Our Lives ya mwaka 1946, filamu ya wanaume watatu wanaorudi mji mmoja baada ya vita. Wa kwanza anarudi benki, na kule anakaripiwa kwa kumkopesha veterani mwenzake asiye na dhamana. Wa pili, mdondosha mabomu wa jeshi la anga mwenye medali, anaishia kuuza vipodozi na aisikrimu. Wa tatu ni baharia Homer, aliyeigizwa na Russell, mwenye kulabu za chuma mahali pa viganja.

Kuna onyesho moja humo ambalo filamu nyingi za mabomu hazijalifikia. Usiku, chumbani kwake, Homer anamwonyesha mchumba wake Wilma jinsi anavyojiandaa kulala. Anajivua mikanda ya kulabu na kuitupa kitandani, kisha anaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuanzia hapo hajiwezi: mlango ukijifunga hawezi kuufungua, atabaki kuita mpaka mtu aje. Hakuna muziki mkubwa wala hotuba. Wilma anamfunga vifungo vya shati la kulalia. Russell hakuwa mwigizaji, na mikanda ile ilikuwa yake ya kila siku.

Alipewa Oscar mbili kwa kazi hiyohiyo moja, ya mwigizaji msaidizi na nyingine ya heshima kwa kuwapa matumaini maveterani wenzake. Mwaka 1992 aliipiga mnada ile ya uigizaji, ikauzwa kwa dola 60,500. Sababu aliyoitoa ni matibabu ya mkewe. Wapo waliomlaumu kwa kuuza heshima. Mimi naona lawama hiyo ingeelekezwa kwa nchi ambayo mlemavu wake wa vita anahitaji kuuza sanamu ili alipe hospitali.

Nusu karne baada ya filamu ya Russell, Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998, iliirudisha Normandy kwa ukali usio wa kawaida. Dakika zake za mwanzo, zilizopigwa katika ufukwe wa Curracloe nchini Ireland, zinafuata mteremko wa askari kwenye ufukwe wa Omaha, Normandy, risasi kwa risasi. Waigizaji walipelekwa porini na Dale Dye, kapteni mstaafu aliyepigana Vietnam, wakalala kwenye mvua mpaka wakatishia kugoma. Maveterani wengi walisema hatimaye wajukuu wao wameelewa. Lakini kwa wengine milango iliyokuwa imefungwa miaka hamsini ilifunguka vibaya, hata idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia maveterani ikafungua namba ya simu ya bure kwa waliosumbuliwa na filamu hiyo. Watu waliokuwa hawajawahi kuzungumza na wake zao kuhusu ufukwe ule walimpigia mshauri wasiyemjua.

Walioachwa nje ya picha

Katika filamu hizo zote, askari aliyetoka makoloni haonekani. Ufaransa ilipigana kwa kutumia wanaume wa Algeria, Morocco, Senegal na makoloni mengine kwa idadi kubwa, na waliowaingiza kwenye sinema ni watoto na wadogo zao, kwa shida.

Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwenyewe askari wa jeshi la Ufaransa kabla hajawa mwandishi na mwongozaji. Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitoa Camp de Thiaroye, filamu iliyogharimiwa na Senegal, Algeria na Tunisia bila senti ya Ufaransa. Inasimulia tukio la tarehe 1 Desemba 1944 katika kambi ya Thiaroye nje ya Dakar. Askari waliokuwa wafungwa wa Wajerumani walirudishwa Afrika na kudai malimbikizo ya mishahara yao; jeshi lililokuwa likidaiwa likawafyatulia risasi. Ufaransa ilitaja wafu 35. Wanahistoria wameipinga hesabu hiyo kwa miongo mingi, wengine wakisema ni mamia.

Sembène hakuanza na risasi. Anakaa muda mrefu kwenye hesabu: afisa anapokubali kubadilisha faranga za askari kwa nusu tu ya thamani yake, na sajenti wao, msomi kuliko maofisa wengi wa pale, anapokataa kwa kutumia tarakimu zao wenyewe. Yupo pia askari aitwaye Pays, aliyefungwa Buchenwald akarudi bila sauti, na ambaye akiona nyaya za seng'enge za kambi hii mpya huzishika kana kwamba anaangalia kama ni zilezile. Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice, lakini nchini Ufaransa ilikaa miaka bila kuonyeshwa. Ilipofika Novemba 2024 ndipo rais wa Ufaransa akaandika rasmi kwamba yale yalikuwa mauaji ya halaiki ya askari.

Filamu iliyoleta fedha mfukoni ni Indigènes ya Rachid Bouchareb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, iliyotoka mwaka 2006. Inawafuata askari wanne wa Afrika Kaskazini kutoka Italia hadi kijiji cha Alsace katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, eneo lilelile na miezi ileile iliyompa Audie Murphy medali. Onyesho linalokumbukwa zaidi ni la nyanya. Melini, kwenye foleni ya chakula, askari Mwafrika ananyimwa nyanya ambazo Mzungu aliye nyuma yake anapewa. Koplo Abdelkader anauliza kama risasi za Wajerumani nazo huchagua rangi, kisha anamwaga kreti na kuziponda nyanya kwa buti. Jamel Debbouze, mmoja wa waigizaji, aliyepoteza uwezo wa mkono wake wa kulia tangu utotoni, anapigana filamu nzima mkono ukiwa mfukoni, na baada ya dakika kumi mtazamaji hauoni tena. Huko Cannes waigizaji wakuu watano walipewa kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora wa kiume.

Mwisho wa filamu unaruka miaka sitini. Abdelkader, sasa mzee, anatembelea makaburi ya wenzake Alsace, halafu anarudi kwenye chumba kimoja kidogo. Chumba hicho si cha kubuni. Wazee wengi wa Morocco waliishi katika mabweni ya wahamiaji mjini Bordeaux sehemu kubwa ya mwaka, mbali na wake na wajukuu, kwa sababu posho ya uzeeni ililipwa kwa anayekaa Ufaransa tu.

Chanzo cha dhiki yao kilikuwa kifungu cha sheria ya bajeti ya Desemba 1959. Makoloni yakikaribia uhuru, Ufaransa iliamua kwamba pensheni za askari ambao wangekuwa raia wa nchi nyingine zigandishwe katika kiwango cha siku ya uhuru. Ya Mfaransa ikapanda pamoja na bei ya mkate, ya Mwafrika ikabaki palepale. Sajenti mmoja wa Senegal alifungua kesi, na mwaka 2001 mahakama ya juu ya utawala ikasema huo ni ubaguzi. Serikali ikajibu kwa kupandisha pensheni kulingana na gharama za maisha za nchi anayoishi mzee, jambo lililowaacha wengi karibu palepale.

Rais Jacques Chirac aliiona Indigènes pamoja na mkewe Bernadette kabla haijatoka, na husimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyemgeukia na kumwambia afanye kitu. Tarehe 27 Septemba 2006, siku filamu ilipoanza kuonyeshwa kumbini, serikali ilitangaza kwamba pensheni za wapiganaji na za walemavu wa vita zitalingana bila kujali uraia. Wazee wapatao 80,000 katika nchi zaidi ya 20 waliguswa. Malimbikizo ya miaka karibu hamsini hayakulipwa, na pensheni za utumishi wa muda mrefu jeshini hazikuguswa mpaka baraza la katiba lilipoingilia mwaka 2010. Hata hivyo ni vigumu kutaja filamu nyingine ya vita iliyobadilisha kitabu cha mishahara wiki ileile ilipotoka.

Keya, Mwanza na Kagera

Afrika Mashariki haijapata Indigènes yake, ingawa kisa kipo tele. Katika Vita vya Pili askari zaidi ya laki tatu walipitia Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, na vikosi vilivyoambatana nalo, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma wakati wa masika ya 1944, malaria ikiangusha watu wengi pamoja na risasi. Tarehe 12 Februari mwaka huohuo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Meli ilizama kwa dakika chache tu, muda mfupi kuliko onyesho la ufukwe wa Omaha. Askari walionusurika vita waligawiwa kiinua mgongo kwa rangi: nyaraka zilizojadiliwa hadharani Uingereza mwaka 2019 zilionyesha Mwafrika akipata hadi theluthi moja tu ya Mzungu wa cheo kilekile.

Kwa upande wa Wajerumani kuna kisa ambacho ningeshangaa kama mwandishi wa filamu angekipita. Mwaka 1964, mwaka aliokufa jenerali wao Paul von Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa Kiafrika waliopigana chini yake katika Vita vya Kwanza. Inasimuliwa kwamba afisa wa benki alifungua dirisha Mwanza, na wazee wapatao 350 wakajitokeza, wachache tu wakiwa na vyeti. Mmoja wao alileta kipande cha sare iliyochakaa. Afisa akatafuta ufagio, akawa anampa kila mzee na kumtolea amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Huenda kisa kimepakwa rangi kidogo kadiri kilivyosimuliwa, lakini malipo yenyewe yalikuwepo.

Halafu kuna Vita vya Kagera, vya Tanzania dhidi ya Uganda ya Idi Amin. Linganisha na jirani yake wa kisinema. Usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliwaokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe. Kabla mwaka mmoja haujaisha kulikuwa na filamu tatu: Victory at Entebbe, Raid on Entebbe na Operation Thunderbolt, ya nne, 7 Days in Entebbe, ikaja mwaka 2018. Tarehe 7 Aprili 1979 uwanja huohuo ulitekwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililokuwa limetembea kutoka mto Kagera kupitia Mutukula, Masaka na Lukaya, na siku nne baadaye Kampala ikaanguka. Katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyompa Forest Whitaker Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, kisa kinakomea Entebbe ya 1976, na vita vilivyomwondoa Amin vinatajwa kwa maandishi ya mwishoni.

Ipo filamu ya kumbukumbu ya Vita vya Kagera iliyotengenezwa nchini, na yeyote aliyekulia na redio za Tanzania anazijua nyimbo za kipindi kile. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mkuki na ngao huwekwa mnarani, na makaburi ya Kaboya wilayani Muleba yanatunzwa. Jeshi hapa limekuwa hodari zaidi kuwaenzi waliokufa. Aliyerudi, hasa mgambo wa kijijini aliyepewa bunduki mwaka 1978 na kuirudisha mwaka 1979, hana sura kwenye skrini. Filamu ya kumwonyesha isingehitaji vifaru vingi. Ingeweza kuanza pale aliposhuka kwenye lori na kukuta shamba lina msimu mzima wa magugu.

Kinachohitajika zaidi ni sauti. Mwaka 2018 Peter Jackson alitoa They Shall Not Grow Old, filamu ya askari wa Uingereza wa Vita vya Kwanza, akizitia rangi picha za zamani za jumba la makumbusho la vita la London na kuwatumia wasomaji wa midomo ili kujua askari kwenye filamu kimya walikuwa wakisema nini. Haina msimulizi. Wanaozungumza mwanzo hadi mwisho ni maveterani wenyewe, wote marehemu, kutoka kwenye mahojiano yaliyohifadhiwa; mengi yalirekodiwa kwa ajili ya mfululizo wa BBC uliorushwa mwaka 1964, miaka 50 baada ya vita hivyo kuanza. Vita vya Kagera vitafikisha miaka 50 Oktoba 2028, na aliyekwenda huko akiwa na miaka 20 atakuwa na 70.